Tuwaonyeshe wanafunzi wa kemia mahali elektroni zinakokwenda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwaeleze wasomaji, hasa walimu wenzangu wa kemia na wazazi wenye watoto katika kidato cha tano na cha sita, jambo linalonikera katika namna tunavyofundisha kemia ya kaboni. Vijana wetu wanafika chuo kikuu wakiwa na orodha nyingi vichwani: orodha ya ioni za kaboni (chembe zenye chaji ya umeme) kuanzia isiyo thabiti hadi iliyo thabiti kuliko zote, orodha ya asidi kuanzia dhaifu hadi kali, orodha ya makundi yanayovuta elektroni na ya yale yanayozisukuma. Orodha hizo ni za kweli, na anayezikariri vizuri hupata alama. Lakini ukimwuliza mwanafunzi kwa nini ioni fulani imewekwa juu ya nyingine, mara nyingi atakujibu kwamba ni kwa sababu ina uthabiti mkubwa zaidi, na hapo amelirudisha swali kwa sura ya jibu. Ninavyoona mimi, kosa letu ni kuufundisha uthabiti kana kwamba ni sifa ambayo molekuli inakuwa nayo peke yake. Uthabiti ni ulinganisho wa hali mbili, iliyopo na inayoweza kuifuata, na katika kemia ya kaboni ulinganisho huo kwa sehemu kubwa huamuliwa na nafasi ambazo elektroni zinazo za kutawanyika.

Nichukue kwanza orodha inayokaririwa kuliko nyingine zote. Katika ioni ya kaboni yenye chaji chanya, atomi moja ya kaboni imebaki na elektroni 6 katika tabaka lake la nje badala ya 8. Ikiwa kaboni hiyo imezungukwa na haidrojeni tupu, hakuna jirani wa kuupunguza upungufu huo. Ikizungukwa na makundi matatu ya methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu), elektroni zilizomo katika vifungo vya kaboni na haidrojeni vya makundi hayo huegemea kwa kiasi upande wa nafasi iliyo wazi, na chaji ambayo ingekaa mahali pamoja hutandazwa juu ya atomi nyingi. Ndiyo sababu ioni ya daraja la tatu, yaani yenye majirani watatu wa kaboni, huishinda ya daraja la pili, nayo ya pili huishinda ya kwanza. Vladimir Markovnikov wa Urusi alichapisha mwaka 1870 kanuni inayotabiri ni kaboni ipi itakayopokea haidrojeni ya asidi inapojiunga na kifungo maradufu (kaboni mbili zinazoshikana kwa jozi mbili za elektroni), yaani miaka 27 kabla ya J. J. Thomson kuitambua elektroni mwaka 1897. Markovnikov aliitaja kanuni bila kisababishi chake, yaani uthabiti wa ioni inayozaliwa njiani, kwa kuwa hakikuwa kimejulikana bado; sisi hatuna udhuru huo. George Olah alizifanya ioni hizo zidumu ndani ya asidi kali mno, zikapimwa kwa vyombo, na mwaka 1994 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kitu kilichokuwa dhana kimekwisha kuonekana katika vipimo, na bado tunawapa vijana kanuni ya 1870 kana kwamba hakuna kilichotokea tangu hapo.

Asidi zinatupa ushahidi ulio rahisi kuufuata, kwa sababu una namba ambazo mwanafunzi anaweza kuzipanga mwenyewe. Ukali wa asidi hupimwa kwa thamani ya pKa; kadiri thamani inavyokuwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali, na kila tofauti ya 1 ni tofauti ya mara 10. Asidi ya butanoiki, ile inayonuka katika siagi iliyoharibika, ina pKa ya 4.82. Weka atomi ya klorini kwenye kaboni iliyo jirani kabisa na kundi la asidi, na thamani hushuka hadi karibu 2.86. Isogeze klorini hiyo hiyo kaboni moja mbele, na thamani inapanda hadi takriban 4.05, isogeze tena, unapata takriban 4.52, karibu na ulikoanzia. Atomi ni ile ile, idadi ya vifungo ni ile ile, na kilichobadilika ni umbali tu. Mwanafunzi anayezitazama namba hizo nne kwa utulivu ataona mwenyewe kwamba klorini inavuta elektroni kupitia vifungo, kwamba mvuto huo unafifia upesi kadiri vifungo vinavyoongezeka katikati, na kwamba kinachofaidika na mvuto huo ni ioni hasi inayobaki baada ya haidrojeni kuondoka. Asidi haikuwa kali kwa sababu yenyewe imedhoofika. Imekuwa kali kwa sababu kile kinachobaki baada yake kimepata pa kuipunguzia chaji yake. Sentensi hiyo ndiyo ninayotamani kila mwanafunzi aondoke nayo, maana itamfaa mbele kuliko orodha yoyote.

Ipo njia ya pili ambayo elektroni hutumia, nayo haifuati umbali kwa namna hiyo. Fenoli ina pKa ya takriban 10, ilhali etanoli, ambayo nayo ina kundi la haidroksili (oksijeni yenye haidrojeni moja), iko karibu na 16. Tofauti hiyo ya mara milioni moja inatokana na pete ya benzini, yaani pete ya kaboni sita: fenoli inapoachia haidrojeni, chaji hasi haikai kwenye oksijeni peke yake bali huingia katika pete na kugawanywa miongoni mwa kaboni tatu maalumu, mbili za pembeni na moja ya mkabala. Sasa ongeza kundi la naitro (naitrojeni yenye oksijeni mbili) kwenye pete. Likiwekwa mkabala na haidroksili, pKa hushuka hadi takriban 7.15; likiwekwa nafasi moja karibu zaidi, katika kaboni ya tatu, hushuka hadi takriban 8.4 tu. Kwa mvuto wa kupitia vifungo peke yake, kundi lililo karibu lingepaswa kufanya kazi kubwa kuliko la mbali, na hapa tunaona kinyume chake. Maelezo ni kwamba kaboni ya mkabala ni mojawapo ya zile tatu zinazopokea chaji, kwa hiyo kundi la naitro likiwa hapo linaipokea chaji hiyo na kuipeleka hadi kwenye oksijeni zake, wakati likiwa kwenye kaboni ya tatu haliwezi kuipokea na hubakiwa na mvuto wa kawaida tu. Wanakemia huuita mgawanyo huo resonansi. Jina lina manufaa yake, ingawa nimeona darasani kwamba wanafunzi wakipewa jina kabla ya namba hizi, huridhika na jina.

Sasa niende kwenye mazao yetu wenyewe, ambayo kwa bahati nzuri yamejaa mifano ambayo vitabu vingi haviitumii. Mafuta ya karafuu ya Unguja na Pemba yana yujenoli kwa wingi, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta yote. Yujenoli ni fenoli: pete ya benzini yenye kundi la haidroksili, kando ya kundi hilo pana kundi la methoksi, na mkabala na haidroksili kuna mnyororo mfupi wa kaboni tatu ambao kifungo chake maradufu kiko mwishoni kabisa, mbali na pete. Mwalimu mwenye mafuta hayo kidogo anaweza kuonyesha yote niliyoyasema juu ya fenoli kwa mirija michache tu. Katika maji yenye bikaboneti ya sodiamu, yujenoli hubaki tabaka la mafuta lililojitenga, kwa kuwa besi hiyo ni dhaifu mno kuiondolea haidrojeni. Katika haidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya watengeneza sabuni, huachia haidrojeni, hugeuka ioni na kuyeyuka. Ukitia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mafuta huonekana tena. Ni jaribio la dakika chache, kwa uangalifu wa kawaida wa kushika kostiki na asidi, na mwanafunzi aliyeliona hatahitaji kukariri kwamba fenoli ni asidi dhaifu iliyo kali kuliko alkoholi.

Lakini jambo kubwa la yujenoli liko katika ule mnyororo wake. Ukiichemsha pamoja na haidroksidi ya potasiamu kwa joto kali, kifungo maradufu husogea hatua moja na kukaa jirani na pete, na kinachopatikana huitwa isoyujenoli. Hesabu ya atomi haikubadilika hata kidogo: 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni, kabla na baada. Hata hivyo, isoyujenoli ni thabiti zaidi, kwa sababu elektroni za kifungo maradufu kilicho jirani na pete zinaweza kuungana na elektroni za pete na kusambaa pamoja nazo, ilhali katika yujenoli pana kaboni moja katikati inayoyatenga makundi hayo mawili. Anayetaka kujua ukubwa wa manufaa ya aina hii na aitazame benzini yenyewe. Saikloheksini, yenye kifungo maradufu kimoja, hutoa takriban kilojuli 120 kwa moli inapoongezewa haidrojeni. Kama benzini ingekuwa na vifungo maradufu vitatu vinavyojitegemea, ingetoa takriban 360. Ikipimwa, inatoa takriban 208. Kilojuli zile 150 na ushee zinazokosekana zilikwisha kutumika katika kuituliza pete. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alionyesha kwa miale ya eksirei kwamba pete hiyo ni bapa na pande zake sita zinalingana, jambo ambalo haliwezekani ikiwa vifungo vyake ni kimoja kirefu na kimoja kifupi kwa zamu. Faida inayopata isoyujenoli ni ndogo sana kuliko hiyo, lakini chanzo chake ni kile kile.

Mwanafunzi makini atauliza hapo: ikiwa isoyujenoli ni thabiti zaidi, kwa nini karafuu haijibadilishi yenyewe ikiwa ghalani? Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi tunayoyasahihisha, na orodha haina jibu lake. Ili kifungo kisogee, lazima kwanza haidrojeni moja ing'olewe kutoka kwenye kaboni iliyo kati ya pete na kifungo maradufu, na hilo linadai nishati ambayo ghala halina. Hata kwa haidroksidi ya potasiamu kazi ni ngumu, maana besi hiyo hiyo imekwisha kuondoa haidrojeni ya fenoli, molekuli tayari ina chaji hasi moja, na kuiongezea ya pili kunahitaji joto kali. Kwa hiyo yupo mshindi wa nishati, na ipo njia yenye kizingiti kirefu ya kumfikia, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo vitabu vyetu huyachanganya katika neno moja la uthabiti. Viwanda vilijua kuyatenganisha zamani: tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1920, mafuta ya karafuu yalikuwa malighafi ya vanilini, kiungo cha harufu ya vanila, na hatua ya kwanza ilikuwa hiyo ya kukisogeza kifungo. Isoyujenoli ikikatwa kwa oksidishaji penye kifungo chake maradufu, kaboni moja hubaki kwenye pete, na hiyo ndiyo vanilini. Ukiikata yujenoli yenyewe kwa namna hiyo, kaboni mbili hubaki, na unapata kitu kingine kabisa.

Huku kwetu nyanda za juu kusini tuna pareto, na kwa maoni yangu hakuna mfano unaoifundisha mada hii vizuri kuliko huo. Maua makavu ya pareto yana pairetrini, kwa kawaida kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, na wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ružička walichapisha mwaka 1924 kazi yao kubwa juu ya muundo wa sumu hizo za wadudu. Kila mkulima wa pareto anajua kwamba maua yakiachwa juani kupita kiasi au yakikaa muda mrefu stooni, nguvu yake hupungua. Dawa ikishapuliziwa kwenye majani, mwanga wa jua na oksijeni ya hewa huiharibu kwa saa chache. Sababu iko kwenye elektroni, na inaanza na namba tatu. Kuvunja kifungo cha kaboni na haidrojeni katika ethani kunahitaji takriban kilojuli 420 kwa moli. Ikiwa kaboni hiyo iko jirani na kifungo maradufu kimoja, takriban 370 zinatosha. Ikiwa iko katikati ya vifungo maradufu viwili, takriban 320 tu. Haidrojeni zote hizo ni sawa, na kaboni ni kaboni. Kinachotofautiana ni radikali, yaani kipande chenye elektroni isiyo na mwenzake, inayobaki baada ya haidrojeni kuondoka. Elektroni moja iliyobaki pweke jirani na kifungo maradufu inaweza kusambaa juu ya kaboni tatu, na ikiwa kati ya viwili inasambaa juu ya kaboni tano.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hushtuka, na ni mshtuko wenye faida. Pairetrini ina makundi mawili ya methili yaliyoshikamana na kifungo maradufu katika upande wake wa asidi, na katika upande wa alkoholi ina mnyororo wenye vifungo maradufu viwili. Kwa hiyo radikali zinazoweza kuzaliwa kutoka kwake ni tulivu kiasi, na kwa sababu hiyo hiyo pairetrini yenyewe huvunjika kwa urahisi. Utulivu wa kinachozaliwa ndio wepesi wa mzazi kuvunjika. Mwanafunzi aliyekariri kwamba radikali ya aina hiyo ni thabiti, bila kuulizwa ina maana gani kwa molekuli iliyoitoa, atadhani pairetrini nayo ni thabiti, na atakuwa amefika mahali pasipo ukweli kwa kutumia habari iliyo kweli. Sababu hiyo hiyo inafanya mafuta ya alizeti yachache upesi kuliko mafuta ya nazi: yana wingi wa asidi ya linoleiki, ambayo ina kaboni iliyo kati ya vifungo maradufu viwili, ilhali mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa hayana vifungo maradufu. Na yujenoli ya karafuu huchelewesha uchachaji huo kwa kuachia haidrojeni yake ya fenoli kwa radikali zinazouendeleza, kwa kuwa radikali inayobaki kwake imetawanywa katika pete na haina haraka ya kuendeleza uharibifu.

Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permetrini, dawa ya wadudu iliyobuniwa kwa kuurekebisha muundo wa pairetrini, na kazi yao ni somo zima la elektroni. Waliyaondoa yale makundi mawili ya methili wakaweka atomi mbili za klorini. Haidrojeni zilizokuwa rahisi kung'olewa zikawa hazipo tena, na klorini, kwa kuvuta elektroni, zikakifanya kifungo maradufu kiwe na elektroni chache za kushambuliwa na oksijeni. Upande wa alkoholi waliweka muundo wenye pete mbili za benzini badala ya ule mnyororo wa vifungo viwili. Matokeo yake ni dawa inayostahimili jua kwa siku nyingi, na ambayo baadaye iliwezesha vyandarua vyenye dawa ya kudumu, vikiwemo vile vinavyotengenezwa Arusha ambamo permetrini imechanganywa ndani ya nyuzi zenyewe za polithini. Mtoto anayelala chini ya chandarua cha aina hiyo analindwa na uamuzi wa kubadili atomi mbili.

Ninachokistahi zaidi katika kazi ile ni kile ambacho hawakukigusa. Permetrini imebaki na kifungo cha esta, yaani kiungo kati ya upande wa asidi na upande wa alkoholi, kama pairetrini. Kaboni ya esta imeshikamana na oksijeni mbili zinazoivutia elektroni zake, kwa hiyo ina upungufu kidogo wa elektroni, na vimeng'enya vya miili yetu na vijidudu vya udongo huushambulia upungufu huo na kuikata molekuli vipande viwili. Wameufunga mlango wa mwanga na kuuacha wazi mlango wa vimeng'enya. Siyo dawa isiyo na lawama, kwani huua samaki kwa kiasi kidogo sana na haipaswi kumwagwa mtoni wala ziwani, na wala vyandarua havifai kufuliwa humo. Lakini haikai kwenye udongo kwa miaka na miaka.

Linganisha na DDT, dawa nyingine ya wadudu. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874, Paul Müller akagundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Ina klorini 5: mbili kwenye pete za benzini na tatu kwenye kaboni moja ya pembeni. Zile za kwenye pete hazing'oki kwa urahisi, kwa kuwa jozi huru za elektroni za klorini huingia kwa kiasi katika mzunguko wa pete na kukiimarisha kifungo. Haina esta. Mahali pake pepesi ni haidrojeni moja ya kati, ambayo imelegezwa na pete mbili na klorini tatu zinazovuta elektroni kutoka pande zote. Baadhi ya mbu na nzi sugu wana kimeng'enya kinachoiondoa haidrojeni hiyo pamoja na klorini moja na hivyo kuizima dawa. Kinachobaki huitwa DDE. Kina kifungo maradufu kipya ambacho elektroni zake zinaweza kusambaa katika pete zote mbili, na kwa hiyo kinadumu kuliko hata DDT yenyewe. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mabaki yake kuendelea kuonekana katika mafuta ya wanyama na watu miongo mingi baada ya kupuliziwa, na ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, wa kimataifa juu ya sumu zinazodumu, kuibana hadi ibaki kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Katika maabara ya mtihani, uthabiti wa DDE ungepewa alama ya vema. Katika ziwa ni msiba. Mwanafunzi anayejua tu kwamba kitu thabiti ni bora hana namna ya kuelewa kwa nini.

Najua walimu wenzangu watasema kwamba muda hautoshi, kwamba mada ni nyingi na kwamba mtihani unauliza mpangilio wala hauulizi sababu. Hoja ya muda naiheshimu, kwa maana nafundisha madarasa yale yale yaliyojaa. Lakini namba nne za asidi ya butanoiki huchukua nusu ya kipindi, na baada yake orodha tatu au nne hazihitaji tena kukaririwa, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuzitoa mwenyewe. Hoja ya mtihani ina uzito zaidi, na ndiyo maana ninawaandikia pia wanaotunga maswali na wanaoandaa vitabu vya kidato cha tano na sita. Swali linalosema panga ioni hizi kuanzia iliyo thabiti kidogo linajibiwa na kumbukumbu. Swali linaloonyesha michoro ya pairetrini na permetrini na kuuliza ipi itaharibika kwanza juani, ni haidrojeni zipi zitakazoondoka, na elektroni itakayobaki itasambaa juu ya kaboni zipi, linajibiwa na kufikiri tu, na msahihishaji anaweza kulipa alama hatua kwa hatua bila utata.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili yaliyo mahususi. La kwanza, michoro hiyo miwili iwekwe katika vitabu vyetu, kando kwa kando, pamoja na ule wa DDT na DDE, kwa kuwa hakuna kati ya hayo kinachohitaji hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano haijui. La pili, jaribio la mafuta ya karafuu liingizwe katika mazoezi ya maabara. Shule isiyo na fedha ya kununua mafuta inaweza kuyapata kwa kuchemsha karafuu zilizosagwa na kuupitisha mvuke wake katika mrija uliopoozwa, maana yujenoli, ingawa peke yake huchemka kwa takriban nyuzi 254 za Selsiasi, husafiri pamoja na mvuke wa maji chini kidogo ya nyuzi 100. Walimu wa Unguja na Pemba wako karibu na mafuta hayo kuliko sisi wa bara, na huenda wapo ambao wamekwisha kulifanya jaribio hili na wanafunzi wao. Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu ni kiasi gani cha karafuu wanachotumia kwa darasa moja, na wanavyoshughulikia kostiki mahali ambapo miwani ya maabara haitoshi wanafunzi wote.

Wako mwaminifu,

Mwalimu wa kemia,
Mafinga, Iringa